Kuifikia PLC ya kiwandani ukiwa mbali kwa WireGuard

Mwongozo huu ni wa fundi aliyeko Kampala mwenye mtambo wa kuangalia Kasese. WireGuard ni programu ya VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti. PLC, yaani kompyuta inayoendesha mitambo, ni S7-1200 ya Siemens, intaneti ya kiwandani ni ya laini ya simu, na pale kuna kompyuta ndogo ya Linux yenye poti mbili: eth0 ya intaneti, eth1 ya mitambo.

Kamwe usiifungue poti 102 ya Siemens wala 502 ya Modbus, lugha ambayo mitambo huongea, kwa intaneti. Modbus haiulizi nywila: anayeifikia anaandika anachotaka, na pampu inatii.

1. Seva ya kati

Laini za simu kwa kawaida hazitoi anwani ya umma, hivyo huwezi kukiingia kiwanda kutoka nje. Kiwanda ndicho kitoke kuifuata seva. Kodisha seva ndogo yenye anwani ya umma, weka Debian na WireGuard, ruhusu UDP 51820.

2. Anwani

Seva 10.66.0.1, kompyuta ya kiwandani 10.66.0.2, laptopu yako 10.66.0.3. Mitambo iwe 192.168.50.0/24. Ukitumia 192.168.1.0/24 utagongana na ruta ya hoteli, na laptopu itaitafuta PLC humo humo chumbani.

3. Funguo na njia

Kila mashine na funguo zake. Kwenye seva, AllowedIPs (anwani zinazopitishwa kwa mashine fulani) ya kiwanda ni `10.66.0.2/32, 192.168.50.0/24`. Kwenye laptopu, `10.66.0.0/24, 192.168.50.0/24`. Upande wa kiwanda weka `PersistentKeepalive = 25`, yaani ujumbe mdogo kila sekunde 25, la sivyo mtandao wa simu utaisahau njia yako baada ya kimya kifupi. Washa `net.ipv4.ip_forward=1` kwenye seva na kwenye kompyuta ya kiwandani, ili zipitishe ujumbe wa mashine nyingine.

4. PLC isiyojibu

Hapa ndipo saa huteketea. Ping kwa 192.168.50.1, yaani eth1, inajibu. Ping kwa PLC, 192.168.50.10, kimya. Watu hurudia funguo zote, ilhali funguo hazina kosa. Endesha kiwandani:

`tcpdump -ni eth1 host 192.168.50.10`

Ukiona maombi yanatoka na majibu hayarudi, PLC inakusikia ila haijui njia ya kurudi 10.66.0.0, kwa kuwa haikuwekewa anwani ya ruta. Wengi huacha nafasi hiyo tupu kwa sababu ndani ya kiwanda haihitajiki.

Unaweza kuiandika anwani hiyo kwenye TIA Portal, programu ya Siemens ya kusanidi PLC, lakini kupakia upya usanidi wa maunzi huisimamisha CPU ya S7-1200. Usifanye hivyo zamu ikiendelea. Mimi hupendelea hii, kwenye kompyuta ya kiwandani:

`iptables -t nat -A POSTROUTING -s 10.66.0.0/24 -o eth1 -j MASQUERADE`

Sasa PLC inaona kila ombi kama la jirani yake, 192.168.50.1, na inajibu. Gharama yake ni kwamba PLC haitajua tena nani ameingia, basi uchujaji ufanyike kwenye kompyuta hiyo: katika FORWARD (kanuni za iptables za ujumbe unaopita) ruhusu 10.66.0.3 pekee kwenda TCP 102 pamoja na ping, na poti ya VNC ukiitumia (sehemu ya 5), ruhusu majibu yarudi, zuia mengine. FORWARD hupitiwa kabla anwani haijabadilishwa, kwa hiyo 10.66.0.3 bado inaonekana. Hifadhi kanuni hizo kwa iptables-persistent, maana umeme ukikatika zinapotea zote.

Ping ikipita na programu ikikwama katikati ya kupakiwa, weka `MTU = 1280` (ukubwa wa juu wa pakiti moja) pande zote.

5. Skrini ya opereta

Kuiona skrini ya opereta ukiwa mbali, tumia VNC, si RDP ya Windows. Kwenye Windows ya kawaida RDP humfungia opereta skrini yake, naye ndiye aliye karibu na boila. Kwa VNC mnaona kitu kimoja. Ipite ndani ya WireGuard tu.

6. Umeme

Kwenye BIOS, chagua mashine iwake yenyewe umeme ukirudi. Badilisha betri ya CR2032 na uweke chrony, inayorekebisha saa kupitia intaneti: saa ikirudi nyuma, seva inakataa salamu za WireGuard bila kusema lolote, ikizichukua kuwa ujumbe wa zamani uliorudiwa.

Mantiki yote ya kuendesha na kusimamisha mtambo ibaki ndani ya PLC. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Pampu inayosubiri amri ya Kampala ingesimama muda huo wote.