Mpake beki majivu: ninavyomwandaa refa kijana hapa Uyole, Mbeya

Kila msimu wa ndondo, yaani mashindano ya soka ya mitaani, hawakosi vijana wawili watatu wa kunifuata baada ya mechi. Shikamoo ya kwanza, swali la pili: "Mwalimu, beji ya FIFA inapatikanaje?" Huwa nawajibu kwa hesabu. Kuingia kwenye orodha ya FIFA mwamuzi wa kati lazima awe ametimiza miaka 25, msaidizi 23. Jina linapelekwa na shirikisho, kwetu TFF, na beji ni ya mwaka mmoja. Mwakani unaipigania upya. Kwa hiyo wa miaka 18 ana miaka saba ya kujiandaa, na miaka saba ni michache sana kwa mtu asiyejua asimame wapi.

Walimu wengi huanza na mbio kwa sababu mbio zinapimika kwa saa. Mimi naanza na mahali pa kusimama, na kifaa changu ni majivu ya jikoni.

Yaloweshe kidogo yawe kama uji mzito. Mpake beki soli na ubavu wa ndani wa kiatu. Mshambuliaji avae soksi nyeusi na vilinda ugoko, tena fanyeni kwenye nyasi, si kwenye changarawe. Mshambuliaji aje na mpira, beki amwingilie kwa kuteleza. Refa wako msimamishe nyuma yao kabisa, kwenye mstari mmoja nao. Apulize au aache, kisha aseme kwa sauti: kagusa mguu au mpira? Akishasema, ndipo mkague soksi. Mwaka jana nilikuwa na dereva mmoja wa bajaji, kijana mwenye kujiamini hasa. Kutoka nyuma aliniapia mara nne mfululizo kuwa ni mpira. Mara tatu soksi ilikuwa na majivu.

Sasa mhamishe. Asogee pembeni, mita 10 hadi 15, mpaka auone ule mwanya kati ya wachezaji wawili. Rudieni vilevile. Yule dereva alinyamaza, akaitazama soksi, akasema, "Kumbe nilikuwa naona mgongo tu." Hicho ndicho ninachokitafuta. Refa wa kati akikimbia kwa kukata uwanja kutoka kona hadi kona, anautafuta mwanya huo. Asiyejua sababu atakimbia vizuri na bado ataona migongo.

Majivu yana hatari moja: kijana atadhani beki akigusa mpira kwanza basi amesalimika. Hapana. Mfundishe ngazi tatu za Sheria ya 12 ya soka, ile ya faulo. Uzembe ni faulo bila kadi. Akicheza bila kujali hatari kwa mwenzake, njano. Akitumia nguvu kupita kiasi, nyekundu, hata kama mpira ulianza kuguswa. Na sheria zisomwe kila mwaka, maana mabadiliko huanza rasmi Julai mosi. Mwaka 2025 kipa aliwekewa sekunde nane za kushika mpira. Akizidisha, wapinzani wanapata kona, na refa anahesabu zile tano za mwisho kwa vidole, mkono juu. Jumapili iliyopita nilimwona refa akiamuru faulo ndani ya boksi, kama zamani. Mashabiki walikuwa wanaijua sheria kumzidi.

Mshika kibendera ana ugonjwa wake. Anatazama anayepiga pasi, halafu anageuza macho kwa mshambuliaji. Katika kugeuza huko mshambuliaji ameshapiga hatua, na kibendera cha kuotea (offside) kinapanda bure. Dawa ni kumzoesha sikio lishike pasi, jicho libaki kwenye mstari wa mchezaji wa pili kutoka mwisho wa timu inayolinda, kipa akihesabiwa. Mwenzake akae pembeni na simu arekodi, kisha mnaisimamisha picha pale mpira unapotoka mguuni. Uwanja ukijaa, kama Sokoine siku ya timu kubwa kutoka Dar, sauti ya pasi huisikii, hapo anatumia pembe ya jicho. Hilo halina njia ya mkato, ni mechi nyingi tu.

Mbio sasa. Kipimo cha wanaume wa kati cha kimataifa kina sehemu mbili. Kwanza mita 40 mara sita, kila moja isizidi sekunde sita, katikati unapumzika dakika moja. Kisha mita 75 kwa sekunde 15, mita 25 za kutembea kwa sekunde 18, mara 40 bila kukatisha. Jumla kilomita nne. Pima kwa futi ya fundi, weka chupa za soda zilizokatwa kuwa alama, rekodi filimbi kwenye simu. Mgeni mwanzishe sekunde 17 kwenye zile 75, umshushe taratibu. Siku mbili kwa wiki zinatosha, kwa sababu Jumamosi au Jumapili anachezesha. Na apashe mwili dakika 20. Mimi nilifika kwenye mtihani asubuhi ya Julai, baridi ya Mbeya mnaijua, nikapasha kwa kusugua mikono. Mzunguko wa tatu nyama ya nyuma ya paja ikakatika, na beji ikaishia pale.

Mabinti nawafundisha pamoja na wavulana, majivu yaleyale. Baba mmoja aliniuliza mwanawe atafika wapi na filimbi. Nilimtajia Salima Mukansanga wa jirani zetu Rwanda, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha kati mechi ya AFCON, Zimbabwe na Guinea, Januari 2022. Binti alirudi Jumanne na viatu vipya.

Kiingereza kianze mapema. Baada ya kila mechi namtaka kijana aandike ripoti ya kadi nyekundu kwa Kiingereza: dakika, namba ya jezi, alichofanya, mpira ulikuwa wapi. Mistari minne. Neno kama "alicheza vibaya" nalifuta kwa kalamu nyekundu.

Na nauli yako lipa mwenyewe. Niliwahi kupanda gari la kiongozi wa timu kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha na Hiace zimekwisha. Timu yake ilishinda kwa penalti halali kabisa. Hakuna aliyeamini, na sikuwalaumu.

Miezi miwili kabla ya mtihani tunashuka Kyela. Sisi tunafanyia mazoezi zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi na ubaridi; mapafu yanapata faida, lakini jasho la Dar hatulijui. Kyela iko chini kwa zaidi ya mita 1,000, karibu na Ziwa Nyasa, na joto lake linamkaanga mtu wa Uyole. Fanyeni mizunguko 20 tu kati ya ile 40 siku ya kwanza, saa tisa alasiri, kila mtu na lita mbili za maji na chumvi kidogo. Msianze kabla ya kuulizia gari la mwisho la kupanda Tukuyu.