Somo: Kufufua mtaa uliochakaa bila kuwapoteza wenyeji

Wadau, mtaa ukitajwa kufanyiwa uendelezaji upya, kila mtu huomba kuona michoro ya maghorofa. Mimi naomba kwanza kuona daftari la majina. Nafundisha kwa mpangilio huo.

Hatua ya 1: Hesabu kaya, si nyumba. Chukua nyumba zetu za Uswahilini: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, choo na jiko uani. Kwenye picha ya angani ni paa moja. Ingia jioni, utakuta majiko sita yanawaka. Mwenye nyumba anaishi kwingine, huja kuchukua kodi tu. Ukiandika jina lake peke yake, umefuta kaya sita. Kwa hiyo pita chumba kwa chumba: mkuu wa kaya, idadi ya watu, miaka aliyokaa, kazi anayofanya. Mama anayekaanga vitumbua barazani naye aandikwe, hata kama hulala kwingine. Orodha isomwe mkutanoni na ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, majina hewa yaonekane mapema.

Hatua ya 2: Ahadi iandikwe. Magomeni Kota, Dar es Salaam, kaya 644 ziliondoka, nyumba zikavunjwa, kiwanja kikakaa kitupu kwa miaka. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliahidi wangejengewa. Wakala wa Majengo (TBA) ukajenga, na Rais Samia akazindua tarehe 23 Machi 2022. Nyumba zilizopatikana? 644. Idadi ile ile ya orodha! Ndiyo maana nasisitiza daftari. Lakini mtoto aliyeondoka akiwa darasa la kwanza alirudi kijana. Karatasi yenu itaje na tarehe ya kurudi.

Hatua ya 3: Pa kukaa kwa muda. Kibera, Nairobi, wakazi wa Soweto Mashariki walihamishiwa Lang'ata mwaka 2009, kwenye nyumba 600 zilizojengwa mahsusi. Familia nyingi zilipewa chumba kimoja kimoja, jiko na choo wakachangia. Waliobaki Soweto Mashariki, baadhi walikwenda mahakamani, ujenzi ukachelewa. Nyumba mpya zilikabidhiwa 2016. Mwulizeni mwendelezaji: ujenzi ukichelewa, kodi ya miezi inayozidi analipa nani?

Hatua ya 4: Fedha. Kujenga kwenda juu huacha ardhi wazi. Hapo maduka yakijengwa upande wa barabara na kupangishwa, mapato yake yanaweza kupunguza mzigo wa wenyeji. Mkataba useme hivyo.

Maswali ya wanachama

*Mpangaji, Buguruni: Nyumba ikivunjwa, nami nalipwa?*
Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka, ila kwa kawaida hesabu yake humwendea mwenye ardhi na jengo. Mpangaji asiyekuwa kwenye daftari huishia kupewa notisi tu. Dai kuandikwa sasa, kabla mthamini hajafika.

*Mwenye nyumba: Tulithaminiwa, tukawekewa X nyekundu ya kubomolewa ukutani zaidi ya miaka mitatu iliyopita, kimya mpaka leo. Naogopa hata kukarabati.*
Kwa sheria ya uthamini ya 2016, uthamini wa fidia usipolipwa ndani ya miaka miwili unakoma. Andikeni barua kwa pamoja, mdai uthamini mpya. Paa linalovuja liezeke, wanao wasilale kwenye maji. Chumba kipya usiongeze kwanza.

*Mwanachama, Nairobi: Mbona wengine wakipewa nyumba nzuri huzipangisha, wakarudi mabandani?*
Nimewasikiliza watu wa namna hiyo, wala si ujinga. Gharama za nyumba mpya hulipwa kila mwezi, riziki ilibaki kule chini. Yule mama wa vitumbua ukimpandisha ghorofa ya nane, wateja wa alfajiri watampata wapi? Kwenye mchoro, mtengeeni meza yake karibu na lango, penye bomba na taa.