Kabla Wanafunzi Hawajachota Maji: Maandalizi ya Mradi wa Mazingira Katika Somo la Sayansi

Ndoo moja ya maji ya bomba, karatasi za kupimia pH, yaani kiwango cha asidi majini, na makundi manane ya wanafunzi. Hicho ndicho kipindi ninachokipa uzito kuliko vyote katika mradi wa mazingira, na hufanyika kabla hatujavuka geti la shule. Kila kundi hupima maji ya ndoo ileile mara tatu, huandika majibu bila kuchungulia ya jirani, kisha tunayapanga ubaoni. Maji ni yaleyale, lakini ubaoni utaona 6.5, 7, 7.5, na kundi moja lenye 8 kwa sababu liliiacha karatasi majini mpaka rangi ikachuja. Darasa hunyamaza kidogo. Kuanzia hapo wanajua kwamba wakienda mtoni na kupata tofauti ya nusu kati ya sehemu mbili, bado hawajapata kitu. Ndoo ilikwisha kuwapa tofauti hiyo bila mto wowote.

Nimeanza na ndoo kwa sababu miradi ya wanafunzi niliyoiona ikikwama haikukwama kwa kukosa ari. Ari ilikuwepo tele. Kilichokosekana ni maandalizi ya kumwezesha mwanafunzi apate jibu analoweza kulitetea mbele ya mtu anayembishia. Tukimwambia aongoze mradi, halafu tukampa swali lisilopimika au kifaa kisichotosha, tumemwachia lawama tu.

Jambo la kwanza la kukubaliana, tena kwa maandishi, ni nani anaamua nini. Kwangu, wanafunzi huchagua tatizo, huunda swali, hupanga njia ya kupima na huamua matokeo yanamaanisha nini. Mimi nabaki na usalama, ratiba na bajeti. Mpaka huu ukiwekwa mapema, hakuna atakayehisi kuporwa mradi wake siku nitakaposema kwamba sehemu fulani ya mto haingiliki. Usipowekwa, mwalimu hujikuta akisogeza swali kidogo kidogo kuelekea lile alilolifundisha mwaka jana, na wanafunzi hulihisi hilo haraka sana.

Swali lenyewe halipatikani kwa kukaa darasani na kutaja mabadiliko ya tabianchi. Watoe nje na daftari kwa nusu saa, kila mmoja peke yake, aandike anachokiona, anachokisikia na anachokinusa. Watarudi na mambo madogo yenye uhai: mtaro unaonuka siku mbili baada ya mvua, vumbi linaloganda kwenye madirisha ya upande mmoja tu wa jengo, mti ambao majani yake yana madoa wakati mwenzake wa hatua kumi mbele hana. Hapo ndipo kazi ya kulichonga swali inapoanza. “Kwa nini mtaro umechafuka?” ni manung’uniko ya haki, lakini hakuna kifaa kinacholipima. “Je, maji ya kijito yana oksijeni kidogo chini ya mahali mtaro unapoingilia kuliko juu yake, saa ileile ya siku?” hilo linapimika, na jibu lake linaweza kuwa hapana. Swali ambalo jibu lake haliwezi kuwa hapana lirudishwe kwa walioliandika.

Yale maneno “saa ileile ya siku” niliyajifunza kwa gharama. Mwaka mmoja makundi mawili yaligawana kijito, moja juu ya mtaro, jingine chini yake. Kifaa cha kupimia oksijeni kilikuwa kimoja, kwa hiyo nikapanga kundi la juu lipime saa mbili asubuhi na la chini saa nane mchana. Matokeo yakaja kinyume na tulivyotarajia: chini ya mtaro oksijeni ilikuwa nyingi zaidi. Bango lilikuwa limeshaanza kuandikwa kwamba mtaro hauna madhara, mpaka msichana mmoja alipouliza mbona safu ya saa kwenye daftari inatofautiana. Alikuwa amelishika jambo lenyewe. Mwani na mimea ya majini hutoa oksijeni kwenye mwanga, kwa hiyo kiwango hupanda mchana na kushuka usiku, na katika maji yaliyojaa virutubisho kupita kiasi ndipo oksijeni hupanda na kushuka kwa kishindo. Kosa lilikuwa la ratiba yangu. Tuliporudia, tukipima juu kisha kukimbiza kifaa chini ndani ya robo saa, jibu liligeuka.

Tangu siku hiyo, kila karatasi ya kuandikia data ina safu ya saa na ya jotoridi kabla ya safu ya kipimo chochote. Maji baridi hushika oksijeni nyingi zaidi: maji yasiyo na chumvi, kwenye usawa wa bahari, hushika takriban miligramu 9 kwa lita kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na takriban 7.5 kwenye nyuzi 30. Mwanafunzi aliyepima oksijeni bila jotoridi ameleta nusu ya habari. Karatasi hizo zichorwe na wanafunzi wenyewe, zijaribiwe darasani, na zijazwe kwa penseli, maana wino wa kalamu ukidondokewa na tone la maji hufutika pamoja na kazi ya asubuhi nzima.

Kifaa nacho kiulizwe kinaona nini. Skeli ya pH ni ya logarithimu: kushuka kutoka 7 hadi 6 ni asidi kuongezeka mara kumi, kwa hiyo karatasi inayosoma kwa hatua ya moja moja inaruka mambo makubwa. Vipima vumbi vidogo vya bei nafuu huhesabu chembe kwa jinsi zinavyotawanya mwanga, na hewa ikiwa na unyevu mwingi chembe huvimba na kipimo hupanda ingawa hakuna moshi ulioongezeka. Bila kipimo cha unyevu kando yake, asubuhi yenye ukungu itaonekana kama asubuhi ya uchafuzi. Kwa upande mwingine, baadhi ya vifaa bora ni rahisi mno. Mwaka 1865 Angelo Secchi, padri na mwanaastronomia wa Italia, alipima uangavu wa maji ya bahari kwa kuteremsha kisahani mpaka kisionekane tena. Kile kinachotumiwa leo kwenye maziwa kina upana wa sentimita 20 na robo nyeusi na nyeupe, na mfuniko wa ndoo, rangi, uzito na kamba yenye alama vinatosha kukitengeneza. Mwanafunzi aliyetengeneza kifaa chake anajua udhaifu wake wote.

Kulinganisha na viwango rasmi kunahitaji uangalifu uleule. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja mikrogramu 5 za PM2.5, yaani vumbi laini sana lenye chembe zisizozidi mikromita 2.5, kwa meta ya ujazo ya hewa kama wastani wa mwaka, na 15 kama wastani wa saa 24. Kipimo cha dakika ishirini kando ya barabara hakiwezi kuwekwa mbele ya hizo namba mbili kikaitwa ushahidi kwamba kiwango kimevukwa. Kinachowezekana, na ni kizuri kabisa, ni kulinganisha barabara na ua wa nyuma kwa kifaa kilekile katika asubuhi kadhaa.

Ratiba ihesabiwe kuanzia mwisho. Jaribio la kawaida la BOD, yaani oksijeni inayotumiwa na vijidudu kuozesha uchafu majini, huchukua siku tano gizani kwenye nyuzi 20. Miche inahitaji wiki kadhaa kabla tofauti haijaonekana, na majani kuoza ni suala la miezi. Ongeza wiki moja ya kurudia kipimo kilichoharibika, kwa sababu kitaharibika.

Kuhusu usalama sina mzaha hata kidogo. Mwalimu aende mahali pa kupimia kabla ya wanafunzi, saa ileile watakayokwenda, na atazame kingo zinazoteleza, kina cha maji, magari na taka zenye sindano au vioo. Wanafunzi waende wawili wawili kwenye maji, wakiwa wamevaa viatu vinavyofunika mguu, mikono ioshwe kabla ya kugusa mdomo. Ujue nani ana pumu kabla ya kumpeleka kupima vumbi, na nani nyuki wanamdhuru. Bakteria wakioteshwa kutoka kwenye mtaro, sahani zifungwe kwa utepe na zisifunguliwe tena hadi ziharibiwe ipasavyo. Vifurushi vya kemikali visomwe lebo: baadhi ya vipimo vya nitrati vina kadimiamu, metali yenye sumu, na njia ya Winkler ya kupima oksijeni hutumia asidi ya salfuriki iliyokolea. Chupa ya kukusanyia mabaki iandaliwe na iandikwe jina lake. Ni aibu mradi wa kulinda kijito ukamalizika kwa kumwaga kadimiamu kwenye sinki.

Ruhusa ni fupi kueleza ila hula siku nyingi: mwenye ardhi, wazazi, uongozi wa shule, na watu watakaohojiwa au kupigwa picha. Viumbe waliokusanywa kwa ajili ya kuhesabiwa warudishwe walikotoka.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni hili: itakuwaje wakikuta kitu kibaya kweli? Chukua kundi linalopima bomba wanalokunywa wenzao na kupata dalili ya E. coli, bakteria wanaoashiria kinyesi na ambao mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka wasipatikane hata kidogo katika mililita 100 za maji ya kunywa. Nani anaambiwa kwanza? Nani anarudia kipimo, kwa njia gani, ndani ya siku ngapi? Je, bomba linafungwa wakati tunasubiri? Mambo haya yakijadiliwa siku ya matokeo, kutakuwa na hofu upande mmoja na kishawishi cha kunyamazisha upande mwingine. Mimi huketi na mkuu wa shule kabla ya mradi kuanza, na tunaandika mlolongo: rudia, linganisha na maabara yenye vifaa, toa taarifa kwa mhusika, kisha tangaza. Wanafunzi wanausoma mlolongo huo. Unawalinda wasimtaje mtu kwenye bango kwa ushahidi wa karatasi moja ya rangi, na unawahakikishia kwamba jibu lao halitafichwa kabatini.

Wanaposema hakuna atakayewasikiliza, nawapa habari ya Flint, katika jimbo la Michigan, Marekani. Aprili 2014 mji huo ulianza kuchota maji ya kunywa kutoka Mto Flint bila kuweka dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe, na risasi, metali yenye sumu, ikaanza kuingia majini. Wakazi walilalamika, wakaambiwa maji ni salama. Mwaka 2015 walishirikiana na watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech na kukusanya sampuli kutoka nyumba zaidi ya 250. Kinachonivutia kwa ajili ya darasa ni utaratibu wao: maji yalale kwenye bomba kwa saa zisizopungua sita, chupa ya kwanza ichukuliwe mara bomba linapofunguliwa, ya pili baada ya sekunde 45 za kutiririka, ya tatu baada ya dakika mbili. Watu wa kawaida, majikoni mwao, maelekezo yaleyale kwa kila nyumba. Chupa zile zilisaidia kuvunja kauli kwamba maji ni salama, na Oktoba mwaka huohuo mji ukarudi kwenye chanzo cha zamani. Nawaomba wanafunzi waniambie kwa nini chupa zilikuwa tatu. Majibu yao hapo hunionyesha kama wako tayari kwenda nje.

Namna ya kutoa alama itangazwe siku ya kwanza, na aliyepata jibu la “hakuna tofauti” kwa vipimo safi apate alama zote. Ukitoa alama kwa ugunduzi, utaletewa ugunduzi. Majukumu ndani ya kundi yazunguke pia. Nimeona mara nyingi mtoto yuleyule akishika penseli safari zote huku mwingine akishika kifaa, na mwenye penseli akimaliza muhula hajagusa maji.

Mwisho, amueni data itakaa wapi. Kijito kilichopimwa mara moja kinasema machache. Kilichopimwa miaka mitano mfululizo mahali palepale kinaanza kusema. Programu ya GLOBE, iliyotangazwa nchini Marekani mwaka 1994 na kuanza kazi mwaka uliofuata, ina njia za kupima zilizoandikwa kwa ajili ya shule na sehemu ya kuhifadhi vipimo, na kuzifuata hakumnyang’anyi mwanafunzi swali lake. Hata daftari gumu kwenye kabati la maabara linafaa. Liwe na ukurasa wa kwanza unaomweleza mgeni jinsi ya kufika: simama kwenye jiwe kubwa bapa, tazama mto unakotoka, chota kwa mkono wa kushoto, kina cha kiwiko. Mpe daftari hilo mwanafunzi ambaye hakuwahi kwenda, atembee peke yake huku mwalimu akimfuata kwa mbali. Akisimama kwenye jiwe jingine, ukurasa huo uandikwe upya kabla ya safari.