Nyuki gani huyo bustanini kwako? Angalia alikobeba chavua, rangi baadaye

Wadau, watu wengi wakiona kitu kikubwa cheusi kinavuma kwenye maua wanaita dondola na kukimbilia dawa ya kupulizia. Niko Morogoro, bustani yangu ni ya uani tu, nyanya, bilinganya, pesheni na kivumbasi kilichojiotea, na humohumo nawapata nyuki aina 4 au 5.

Hatua ya 1. Toka saa 3 mpaka saa 5 asubuhi jua likishawaka, chagua ua moja ukae nalo dakika 10, usimkimbize mtu. Chukua video ya slo-moshen, picha ya kawaida itatoka ukungu.

Hatua ya 2. Hakikisha ni nyuki kweli. Kuna inzi wana mistari ya njano unaweza kuapa ni nyuki, ila inzi ana mbawa 2 tu, macho yamejaa kichwa kizima, vipapasio vifupi kama hana, na anasimama hewani palepale kama helikopta. Nyuki ana mbawa 4. Nyigu yeye kiuno chembamba, mwili unang'aa.

Hatua ya 3, hii ndo yenyewe: chavua kaibeba wapi? Nyuki wa asali anaibeba miguu ya nyuma, kidonge kimeshikana, na nyuki wadogo wasiouma (wale weusi wanaokuingia machoni ukitoka jasho) hivyohivyo. Ukiona tumbo kwa chini ndo lina unga kama limepakwa manjano, huyo mkata majani. Nenda kacheki waridi lako, majani yana vipande vya duara vilivyotolewa safi kama kwa mkasi, anavipeleka kujengea vyumba vya watoto wake na waridi halifi, mwache.

Rangi inadanganya. Yule mkubwa mweusi mwenye mikanda ya njano au nyeupe, na yule mkubwa wa njano-kijani mwili mzima, mara nyingi ni jike na dume wa nyuki seremala, Xylocopa caffra. Dume hana mwiba kabisa, anakuvumia usoni basi.

Mimi hao niliwakosea. Niliona matundu ya duara kwenye nguzo za kichanja cha pesheni na unga wa mbao chini, nikaziba yote kwa simenti. Msimu ule pesheni ya njano ikachanua vizuri na maua yakadondoka karibu yote, maana ile inataka chavua ya mmea mwingine, na kwenye ua lake sehemu za chavua zimekaa juujuu, nyuki mdogo anapita chini anakunywa zake bila kuzigusa, seremala ndo mgongo wake unazifikia. Sasa hivi nimewaegeshea magogo makavu pembeni.

Hatua ya 4. Sikiliza. Kwenye nyanya na bilinganya chavua imefungiwa, inatoka kwa kutikiswa, kwa hiyo utasikia mlio unapanda ghafla, zziii, halafu kimya, halafu tena. Nyuki wa asali hawezi hiyo. Anaweza seremala, na anaweza Amegilla, mnene wa manyoya, tumbo lina mistari, anayeruka kwa kushtukashtuka na kuabudu kivumbasi.

Huyu Amegilla mchana hatulii, kwa hiyo rudi magharibi na tochi, utamkuta kang'ata kijiti kwa meno, miguu inaning'inia, kalala. Hapo mpige picha unavyotaka.