Mihuri ya bastola kuukuu na namna ya kuisoma

Hapa Bombo, Uganda, kuna masanduku ya wazee wengi waliotumikia KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, na mara moja moja hutoka bastola ndani yake. Mimi ni fundi wa silaha mstaafu, kwa hiyo huitwa niitazame. Siulizi hadithi yake kwanza. Nauliza mihuri iko wapi.

Hata hivyo, kabla ya mihuri, ichukulie kwamba ina risasi. Iache ilipo, watoe watoto, mwite mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na polisi. Sheria ya silaha ya 1970 haimruhusu mtu kukaa na silaha bila cheti, hata ikiwa ya marehemu. Yote ninayoeleza hapa chini hufanyika mbele ya polisi, bastola ikishafunguliwa na kuthibitishwa kuwa tupu.

Msasa usiguse chuma kabisa! Muhuri ni mdogo kuliko punje ya mahindi, na ukisugua kutu unauondoa nao. Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, paka, subiri, futa taratibu. Kisha sugua chaki nyeupe juu yake na upanguse kwa kidole: chaki hubaki ndani ya michoro. Laza tochi ya simu ubavuni ili mwanga upite juu ya chuma, upige picha. Kagua silinda, yaani gurudumu linaloshika risasi, pande zote, ubavu wa kushoto wa mtutu, na chini yake.

Mihuri hiyo ilipigwa na ofisi zilizojaribu kila mtutu kwa baruti nyingi kuliko kawaida. Uliostahimili ulipata chapa. Kwa hiyo muhuri unakuambia silaha ilijaribiwa wapi na kipindi gani. Jina la mtengenezaji ni habari nyingine.

Fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji, pamoja na herufi BPC, ni Birmingham, kati ya 1813 na 1904. Taji juu ya GP zilizosokotana ni London. Taji juu ya herufi moja, B, U au G, ni Ujerumani, ambako sheria yao ilianza kutumika 1893. Tai juu ya N ni ya Ujerumani pia, kuanzia 1940. Mshale mpana ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, usiuchanganye na hizi.

Inayowapoteza watu zaidi ni Liège, Ubelgiji. Mafundi wa huko walinakili bastola za Waingereza, wengine wakachora juu yake maneno “British Bulldog”, na msomaji huishia hapo. Geuza silinda utafute herufi ELG ndani ya duara la yai, muhuri wa Liège. Nyota juu ya herufi moja ni alama ya mkaguzi, kuanzia 1877. Halafu tazama juu ya yai: taji liliongezwa 1893.

Familia moja ya Luweero iliamini babu yao alipewa bastola na Lugard, ofisa wa Kiingereza, alipoingia Kampala Desemba 1890. Chaki ilipokaa, yai la ELG lilikuwa na taji. Mjukuu alitaka tuandike “ya Lugard” hivyo hivyo. Nilimwambia, mwanangu, andika hadithi ya babu kwenye karatasi yake, itunze, maana nayo ni urithi. Ila kwenye karatasi ya polisi chora muhuri ulivyo, na chini yake uandike: Liège, si kabla ya 1893.