Kabla hujanunua sindano nyingine, kagua beringi za mkono wa pleya

Wadau wa santuri wa huku kusini, mjomba wangu yupo Mikindani, pleya yake ilikuwa inakwaruza kila mwimbaji akitamka "s", tukabadili sindano mara mbili hela ikaenda, kumbe tatizo beringi za mkono, ule unaobeba sindano. Hewa ya bahari huku ina chumvi, inakula chuma kimyakimya, kwahiyo anzeni huko.

Jua kwanza mkono wako ni wa aina gani. Wengi tuna ule wa fremu, beringi za gololi pembeni za kupanda na kushuka, zingine juu na chini za kwenda kulia na kushoto. Technics SL-1200MK2 ya 1979 iko hivyo, ndo maana madijei wanaushika bila woga. SME 3009 ya Uingereza inapanda na kushuka juu ya makali kama ya kisu, sawa na mizani za zamani. Halafu kuna wa ncha moja, huu ni kama uchukue kawa ulisimamishe juu ya msumari, uzito unaning'inia chini ya ncha kwahiyo linayumba ila halianguki. Ukiushika unabinuka kidogo pembeni, sio ubovu huo, tumia wenzo wake wa kushushia. Na ukikuta mafuta mazito ya silikoni kwenye kikombe chake tafadhali usiyafute, ndo yanayotuliza mtikisiko, ingawa yakizidi sauti inapooza.

Sasa vipimo, hivi ni vya mkono wa fremu. Zima pleya, funika sindano, shika mkono karibu kabisa na shina kwa vidole viwili utikise taratibu sana mbele nyuma. Ukihisi "tk" kwenye vidole, umelegea, hapo besi inakosa nguvu na "s" zinachanika. Kisha rudisha antisketi (kile kidude kinachovuta mkono kidogo upande wa nje) sifuri, sogeza uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, uupulize kama unavyopoza chai. Uende laini. Ukigoma palepale kila mara, kuna kutu au uchafu, na sindano itakuwa inakandamiza ukuta mmoja wa mfereji, spika moja inachafuka, santuri inaruka na inalika. Technics waliandika msuguano wa MK2 hauzidi miligramu 7, punje moja ya mchele ni nzito zaidi, kwahiyo msipulizie dawa ya kutu humo jamani, inabeba vumbi inaliingiza ndani ya gololi.

Wa mjomba ulikuwa umelegea. Nililegeza nati ndogo ya pembeni, nikakaza skrubu yake kidogo mno, hata robo ya robo ya mzunguko haifiki, nikapuliza tena, maana ukizidisha unaponda gololi na hairudi. "Tk" ikaisha, nikashika skrubu kwa bisibisi nikafunga nati. Mjomba akaweka santuri ileile ya dansi akasogeza kiti karibu na spika, na sindano ni ileile ya tatu tuliyokuwa tunaisingizia.