Kuvua kwa kayaki ng'ambo ya mpaka: kutoka Dar hadi Shimoni

Safari ya kwenda kuvua kwa kayaki pwani ya kusini ya Kenya huharibikia kwenye kalenda kabla ya kuharibikia baharini. Mtu anachagua tarehe kwa kufuata likizo ya kazini, anafunga chombo juu ya gari, anafika Shimoni na kukuta bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi, na upepo wa kusi, ule utokao kusini. Siku zote anazimalizia ufukweni akitazama mawimbi. Kwa hiyo anza na mwezi na upepo, kazini uombe ruhusa baadaye.

Hesabu kwa mwezi wa Kiislamu, kama wavuvi wengi wa pwani wanavyofanya. Karibu na mwezi mosi na mwezi 15 ni bamvua: hapa Dar tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi meta 3, na mikondo kwenye milango ya bahari hukaza. Karibu na mwezi 8 na mwezi 22 ni maji mafu, tofauti hushuka hadi karibu meta 1. Kayaki yenye mtu na mizigo, ikipigwa kafi bila haraka, huenda kilometa 4 au 5 kwa saa. Mkondo wa noti 2 ni karibu kilometa 3.7 kwa saa. Ukiupinga, saa nzima ya jasho inakupa kilometa 1 tu. Ndiyo maana tunasisitiza maji mafu, hasa kwa anayekwenda mara ya kwanza.

Kuna sababu nyingine, nayo ni saa. Siku za bamvua pwani yetu maji hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi. Ukitoka alfajiri kabla mwamba haujakauka, ukirudi unakuta mwamba mkavu umejaa mawe na majani ya bahari, nawe una kayaki ya kilo 35 ya kubeba. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji yanaanza kujaa alfajiri na kufika juu saa 4 au saa 5 asubuhi. Unatoka saa 12, unavua maji yakipanda, unarudi kabla jua halijawa kali, na chombo kinafika hadi mchangani. Saa za Shimoni na za Dar zinatofautiana kidogo tu, lakini tumia jedwali la maji la huko uendako.

Upepo: kusi huanza Aprili na hukaza katikati ya mwaka. Kaskazi, upepo utokao kaskazini, hushika kuanzia Desemba hadi Machi. Kipindi kizuri ni tanga mbili, yaani Oktoba na Novemba, pepo zinapobadilishana. Februari na mwanzo wa Machi pia kuna asubuhi nyingi tulivu. Utabiri ukionyesha zaidi ya noti 10 kwa saa za asubuhi, usiingie. Ukisimama ufukweni ukaona vichwa vyeupe vya mawimbi, usiingie hata kama utabiri unasema shwari. Na upepo unapovuma kinyume na mkondo, mawimbi husimama wima na kukaribiana. Hapo kayaki hupinduka hata noti zikiwa chache.

Usivuke mpaka kwa kafi

Ukitazama ramani unaona Moa na Jasini upande wetu, Vanga upande wa pili, umbali mdogo, mikoko katikati. Inavutia. Usifanye hivyo. Kuingia Kenya lazima upite kituo rasmi cha uhamiaji na forodha. Bahari ya mpakani hufanyiwa doria kwa sababu ya magendo, na mtu aliyekamatwa ndani ya chombo kidogo bila muhuri kwenye pasi hana la kujitetea. Tena pale Mto Umba unapomwaga maji kuna mafungu ya mchanga na maji machafu yasiyoonyesha kina. Pita Horohoro kwa gari, kayaki iwe juu.

Barabara ni Dar, Bagamoyo, Msata, Segera, Muheza, Tanga, halafu Horohoro. Hadi Tanga ni karibu kilometa 350, na kutoka Tanga hadi mpakani karibu 65. Ondoka saa 10 alfajiri ili uvuke mchana. Ni vizuri kulala Tanga ukiwa na muda, kwani kayaki juu ya gari dogo inataka mwendo wa pole, usizidi 80.

Kufunga chombo: laza kayaki kifudifudi juu ya vyuma viwili vya paa vilivyofungwa sifongo, mkanda mmoja mbele ya kiti na mmoja nyuma, kisha kamba ya omo (mbele ya chombo) hadi chini ya bonati na kamba ya tezi (nyuma) hadi ndoano ya kuvutia gari. Kamba hizo mbili ndizo zinazoachwa na wengi, nazo ndizo zinazozuia chombo kuinuka basi likikupita kwa kasi. Usikaze mikanda kupita kiasi. Plastiki ya kayaki hulainika juani na kubonyea pale mkanda ulipokaza, na mbonyeo chini ya chombo hukipindisha njia ukiwa majini. Simama baada ya kilometa 20 za kwanza ukaze upya. Nyuma funga kitambaa chekundu.

Horohoro na Lunga Lunga ni kituo kimoja cha pamoja: ukitoka Tanzania maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja, upande unaoingia. Beba vitu hivi:

- Pasi ya kusafiria, au hati ya muda ya safari kwa raia wa Afrika Mashariki. Pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano.
- Kadi halisi ya gari. Kama gari si lako, barua ya mwenye gari iliyothibitishwa na wakili.
- Bima ya kuvuka mpaka, ile kadi ya njano ya COMESA. Ikate Dar, kwa wakala wako wa bima.
- Orodha ya vifaa katika nakala mbili: kayaki na namba yake iliyochongwa karibu na tezi, fimbo, rili, redio, kipima kina, pamoja na risiti.

Orodha hiyo ionyeshe forodha yetu kabla ya kutoka na uombe igongwe muhuri. Wakati wa kwenda hakuna atakayekusumbua nayo. Wakati wa kurudi, ukiwa na kayaki safi na kipima kina kinachong'aa, ndiyo itakayothibitisha kwamba hukuvinunua Kenya, na hutaulizwa ushuru.

Usibebe chambo kibichi wala samaki kuvuka, kwenda au kurudi. Mazao ya bahari yanataka vibali vyake. Usibebe pia mifuko ya plastiki: Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, sisi 2019. Chambo utakachopata huko kiwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Badili fedha benki au duka rasmi, si kwa vijana wa barabarani, kisha sajili laini ya simu ya Kenya kwa pasi yako, maana malipo mengi huko ni ya simu.

Chombo na vifaa

Chagua kayaki ya kukalia juu, urefu meta 3.6 hadi 4.2, upana sentimeta 75 hadi 85, inayobeba angalau kilo 160. Fupi kuliko hapo haiendi njia, na nyembamba kuliko hapo itakutupa ukigeuka kuchukua chambo. Kafi iwe ya sentimeta 230 hadi 240, ifungwe kamba kwenye chombo. Jaketi la kujiokolea linavaliwa, halifungwi nyuma ya kiti. Filimbi, kioo cha kuakisi jua na kisu viwe juu ya jaketi lenyewe, kwa kuwa ukipinduka hutavipata ndani ya sanduku. Simu iwe kwenye mfuko usioingiza maji. Redio ya VHF ya mkononi ni bora zaidi. Chaneli 16 ndiyo ya dharura. Maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu.

Kabla ya kusafiri mimina ndoo mbili za maji ndani ya kayaki, uiinamishe omo, kisha tezi, kisha ubavuni. Tazama chini, hasa kuzunguka yale matundu ya kutolea maji, kwani hapo ndipo plastiki hupasuka kwa kuburutwa mchangani. Ufa wa urefu wa ukucha unatosha kujaza chombo kwa saa tatu. Baharini dalili yake ni kayaki kuwa nzito kugeuka na omo au tezi kuzama kuliko kawaida. Ukiona hivyo rudi ufukweni, usifungue mfuniko katikati ya mawimbi.

Nanga ya kilo 1.5 yenye makucha inatosha, na kamba meta 30. Jambo moja la kuzingatia sana: kamba ya nanga itokee omo au tezi, kamwe isifungwe ubavuni. Mkondo ukishika chombo kwa ubavu hukivuta upande mmoja na kukipindua kwa sekunde chache. Mwisho wa kamba weka boya dogo na fundo la kufungua kwa mvuto mmoja, ili ukipata samaki mkubwa au nanga ikinasa mwambani uiache ielee na urudi kuichukua.

Jifunze kupinduka hapa hapa Dar, Ghuba ya Msasani au Kigamboni, maji ya kifuani, mwenzako akiwa karibu. Geuza chombo kwa kushika ukingo wa mbali, piga miguu ulale kifudifudi juu yake kwa tumbo, jigeuze ukalie matako, halafu ndipo uingize miguu. Wanaoshindwa ni wale wanaojaribu kupanda kwa goti kwanza. Rudia hadi uweze ukiwa umechoka. Mazoezi ya kuvua usiyafanyie Mbudya wala Bongoyo. Hayo ni maeneo tengefu.

Kuvua

Kwa nguru na kolekole buruta chambo bandia cha sentimeta 12 hadi 14, meta 25 au 30 nyuma ya chombo, kwa mwendo wa kawaida wa kafi. Uzi wa kilo 15 wa kusuka, meta 200, mbele yake meta 2 za mshipi mnene wa milimeta 0.8, na mwisho waya wa sentimeta 20 hadi 30, maana meno ya nguru hukata mshipi kama mkasi. Waya uliokunjika mara moja tupa, hukatikia pale pale penye mkunjo. Ondoa ndoana za pembe tatu, uweke moja moja: samaki anapapatika sentimeta 30 kutoka pajani kwako, na ndoana tatu zikishika mkono na samaki kwa pamoja huwezi kujinasua.

Breki ya rili ilegezwe hadi robo ya nguvu ya uzi. Watu huikaza wakihofia kumpoteza, halafu samaki akikata kona ubavuni chombo kinalala. Mwache auvute mtumbwi, ukivutwa unamchosha. Fimbo ielekee omo muda wote. Akifika, mpige kichwani kabla ya kumweka kati ya miguu, mkate mishipa ya matamvua atoke damu, kisha barafu.

Kwa changu na chewa simamisha chombo uvue kwa mshipi wa mkono, ndoana ya 3/0 hadi 5/0, risasi ya gramu 60 hadi 150 kulingana na mkondo, chambo ngisi au kibua kipande. Risasi ikikokota bila kugusa chini, mkondo umekaza. Ongeza uzito mara moja, na isiposaidia hama. Bunju mrudishe, sumu yake haiondoki kwa kupika. Chafi na taa wakikuchoma, tumbukiza kidonda kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, dakika 30 hadi 90, kisha nenda zahanati. Kwa hiyo chupa ya chai yenye maji ya moto ni sehemu ya vifaa. Kasa na nguva hawaguswi.

Ukifika Shimoni, kabla ya kushusha kayaki nenda ofisi ya uvuvi ukate leseni ya uvuvi wa burudani, halafu jitambulishe kwa kamati ya usimamizi wa ufuo, wanayoiita BMU. Wao watakuonyesha mahali pa kuingilia majini na wapi wenzao wametega nyavu. Hifadhi ya Bahari ya Kisite hairuhusu uvuvi wa aina yoyote, na eneo la Mpunguti lililo kando yake ni kwa uvuvi wa asili tu wa wenyeji. Weka mipaka yake kwenye ramani ya simu kabla hujatoka Dar. Siku ya kwanza kodi boti ya injini na nahodha wa pale akufuate. Fedha utakayomlipa ndiyo yenye thamani kuliko zote katika safari hii, kwa sababu anajua saa ambayo mkondo kati ya bara na Kisiwa cha Wasini unageuka, na hilo jedwali halikwambii. Siku hiyo usizidi kilometa 2 kutoka ufukweni.

Samaki uwale kule kule. Suuza kayaki, rili na mikanda kwa maji yasiyo na chumvi jioni hiyo hiyo, chumvi isikaukie kwenye magurudumu ya rili. Na uwe umeondoka Shimoni asubuhi: orodha yako ya vifaa igongwe tena Horohoro kabla ofisi hazijajaa abiria wa mabasi ya Mombasa.